Garantii Imekwisha, Macho Bado

Katika miaka yote ya kufundisha udereva, Mwalimu Nanyama hakuwahi kukanyaga breki bila sababu, mpaka asubuhi ile ya Muthangari alipookoa maisha ya mfuko wa takataka.

Walikuwa wakiteremka polepole kwenye barabara nyembamba yenye ua mrefu huku na huku. Vaishali alikuwa kwenye usukani, na Nanyama pembeni yake, mguu juu ya ile breki ya pili ambayo magari ya shule huwekewa upande wa mwalimu. Jua lilikuwa linawachoma usoni kupitia kioo cha mbele. Ghafla Nanyama akaona kondoo mweusi amejilaza katikati ya njia.

"Kondoo!" akapiga kelele, na mguu ukashuka.

Gari likaruka kama chura, likatikisika, likazima. Mwenye pikapu ya mboga aliyekuwa nyuma akawapigia honi ndefu yenye matusi ndani yake. Vaishali aliukumbatia usukani kama mtu aliyeshika mti kwenye mafuriko. Akachungulia mbele, kisha akamgeukia mwalimu wake kwa heshima zote.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hiyo ni mfuko."

Upepo ukaja, ukamwinua kondoo, ukampeleka mpaka juu ya ua wa watu. Wakacheka, wakacheka hadi mbavu zikauma. Hata yule wa pikapu alipowapita aliwaona wanavyojipigapiga mapajani akaishia kucheka pia. Lakini Nanyama alipovua miwani afute machozi, akaielekeza kwenye mwanga, kicheko kilimkauka. Juu ya vioo vyote viwili, kuanzia pembezoni, ule utando wa kukata mng'ao ulikuwa unabambuka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa.

Vaishali naye aliona. Akauliza kwa sauti ndogo, "Hiyo si ile ya kwetu?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mama."

Ilikuwa ya kwao kweli. Vaishali alikuwa mkaza mwana wa mzee Pranlal, mwenye duka la miwani pale Westlands. Mwaka uliotangulia, mwaka wa 2006, ndipo familia hiyo ilipoamua kwamba Vaishali ajifunze kuendesha, na mama mkwe wake akatoa sharti moja tu: mwalimu awe mwanamke. Sasa walimu wanawake wa udereva Nairobi nzima ungeweza kuwahesabu kwa vidole na ukabaki na vidole vya kushikia kikombe cha chai. Mmoja wao alikuwa Nanyama wa Kangemi, wa Shule ya Udereva ya Mwendo Pole. Vaishali alianza, akaacha kwa sababu ya ujauzito, akazaa salama, akarudi tena na mwalimu wake yule yule. Na mapema tu, kabla hajaacha, alipomwona Nanyama akikunja uso ili asome vibao vya barabarani, alimwambia, "Mwalimu, njoo dukani kwa baba. Atakupima vizuri."

Akaenda, akapimwa. Mzee Pranlal alikuwa mtu mpole, mwenye mvi zilizochanwa zikalala na kalamu mbili mfukoni. Aliuliza maswali mengi, na Nanyama akayajibu yote. Alimweleza waziwazi: mimi ni mwalimu wa udereva, siku nzima naangalia mbali nikitazama jua na taa za magari, nataka miwani ya kazi hiyo. Mzee akatabasamu kama mpishi aliyeulizwa kama anajua kupika chapati.

"Mama, nimekuelewa. Hii lenzi nakupa ni ya kazi hiyo hiyo. Ina kinga, mng'ao haukusumbui. Utaniambia."

Na kwa muda alikuwa mkweli. Nanyama aliona majani ya miti moja moja, akaona nambari za matatu zikiwa bado ng'ambo ya mzunguko, akaona hata makunyanzi usoni pa mumewe Shem, akamwonea huruma. Garantii ilikuwa ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, miezi miwili mingine ikaongezeka, ndipo kondoo akatokea Muthangari.

Mchana ule ule Nanyama alikwenda dukani. Mzee Pranlal aliitazama miwani chini ya taa ya mezani, akaifuta kwa kitambaa laini, akaitazama tena. Kisha akafungua droo, akatoa nakala ya kadi ya garantii na kuisoma kimyakimya, midomo ikicheza.

"Mama, garantii imekwisha."

"Najua, mzee. Lakini mimi sikuiangusha wala kuikwaruza. Imejibambua yenyewe."

"Labda unaosha na maji moto."

"Naiosha na maji ya mfereji wa Kangemi. Hayo maji hata baridi yakitoka tunashukuru."

Mteja aliyekuwa anajaribu fremu mbele ya kioo akacheka kwa pua. Mzee Pranlal naye alitabasamu, lakini aliirudisha kadi ndani ya droo. "Ingekuwa kabla ya mwaka, ningebadilisha leo leo. Sasa imepita. Mimi nifanye nini? Nunua lenzi mpya, nitakupunguzia bei."

Nanyama alitoka pale akiwa amenuna. Si kwamba mzee alimtukana, la hasha. Kilichomkera ni kwamba alijibiwa kwa upole na mtu aliyeonekana kuamini anachosema. Alihisi kuna kitu hakiko sawa, kama unaposikia gari linalia mahali na hujui ni wapi.

Jioni Shem alimwambia aachane nayo. "Wahindi na garantii, serikali na ahadi. Ikiisha imeisha."

"Wewe ulipomtengenezea yule jirani bomba, likapasuka mwaka wa pili, ulimwambia nini?"

Shem, aliyekuwa fundi wa mabomba, akatafuna ugali wake kwanza. "Nilirudi nikatengeneza."

"Alikuwa na garantii?"

"Hakuwa nayo. Lakini bomba si maandazi, lisidumu hata miaka miwili." Akatulia, akajiona amejifunga mwenyewe, akaomba aongezewe sukuma wiki.

Siku ya pili Nanyama alifanya jambo ambalo wengi wasingelifanya. Aliingia kwa bosi wake, Kinyanjui, akaweka funguo za gari mezani.

"Bosi, mimi barabarani siendi na wanafunzi mpaka nione. Jana nimeona kondoo ambaye hakuwa. Kesho nitakosa kuona mtoto ambaye yuko."

Kinyanjui alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti kubwa na moyo ambao daktari alimwambia autunze. Alijaribu kubembeleza, akashindwa. Wakakubaliana kwamba kwa siku hizo Nanyama afundishe darasani, kwenye ule mji wa mbao: meza kubwa iliyochorwa barabara, mizunguko na vivuko, na vigari vya kuchezea vya kusukuma kwa kidole, ambayo kila anayetaka leseni Kenya hana budi kuipitia mbele ya askari. Barabarani angetoka Kinyanjui mwenyewe.

Hapo ndipo Kui alipoingia. Kui alikuwa mwanafunzi wa Nanyama, wakili kijana mwenye ofisi katikati ya jiji, ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi. Mahakamani alikuwa simba. Kwenye gari alikuwa amefeli mtihani mara mbili kwa sababu ya kupanda mlima. Gari lilikuwa likimrudia nyuma kila mara. Siku ile alimkuta Nanyama kwenye mji wa mbao, amekaa na uso kama mfuko wa makaa.

"Mwalimu, sasa? Mbona leo hatutoki?"

Nanyama akamweleza, kuanzia kondoo hadi kadi ya garantii. Kui alisikiliza huku akizungusha kigari chekundu kwenye mzunguko. Mwalimu alipofika mwisho, kigari kikasimama.

"Ngoja. Ulimwambia unataka miwani ya kazi gani?"

"Nilimwambia. Kufundisha gari, jua, taa, kila kitu."

"Na yeye akasema hii ndiyo inakufaa?"

"Akasema ndiyo hiyo hiyo."

Kui akavuta kiti. Macho yakamng'aa, na Nanyama akamwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyo akiwa mahali anapopajua. "Sikiliza, Mwalimu. Garantii ni ahadi ya mwenye duka mwenyewe. Ni nzuri, lakini ni nyongeza ya sheria, si badala ya sheria. Tuseme hapa ni duka." Akaweka kigari cha buluu pembeni. "Na wewe ni huyu hapa mwekundu. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa iko tangu enzi za mkoloni, na inasema hivi: mtu akiwa kazi yake ni kuuza kitu, na wewe ukamwambia unakitakia kazi gani, ukategemea ujuzi wake, basi kitu hicho lazima kiwe kinafaa kazi hiyo. Haisemi mwaka mmoja. Haisemi kadi. Inauliza tu: kilifaa, au kilikuja na kasoro ndani yake?"

"Hata garantii ikiisha?"

"Garantii inaisha. Haki yako haiishi siku hiyo hiyo. Lakini kuna kazi kidogo." Akainua kidole. "Ndani ya garantii, yeye hakuulizi sana. Nje ya garantii, wewe ndiye wa kuonyesha kwamba kasoro ilikuwemo tangu ulipouziwa, kwamba si wewe uliyeiharibu. Tafuta mtu anayejua miwani, asiye wa duka hilo, aiangalie. Kesi ni mwisho kabisa, tena usianze na vitisho. Nenda useme naye kwanza."

Nanyama akakitazama kigari chekundu. Kitu kilichokuwa kinalia ndani ya gari, sasa alijua kiko wapi.

"Asante, mama. Sasa toa hivyo vigari kwenye kivuko cha watoto wa shule, umeua darasa zima."

Jumamosi akapanda matatu kwenda mjini. Kwenye barabara ya Moi, juu ya duka la viatu, kulikuwa na mtaalamu wa macho aliyeitwa Debra, mama wa makamo aliyesifika kwa kutowadanganya wazee. Debra aliiweka miwani chini ya kioo cha kukuza, akaigeuza huku na huku, mpaka Nanyama akaanza kujihisi kama mshtakiwa.

"Huwa unaiacha kwenye dashibodi, juani?"

"Nikiivua sioni mlango wa gari uko wapi. Inakaa usoni."

"Na unaifuta na nini?"

Nanyama akaona haya kidogo. "Mara nyingine na ncha ya leso."

"Wote mnafanya hivyo. Lakini leso ingeacha mikwaruzo katikati, mahali unaposugua. Hapa katikati pako safi. Na joto la dashibodi lingepasua utando wote kama udongo wa kiangazi. Huu wako unabambuka kutoka pembeni kuingia ndani, jicho la kulia na la kushoto sawasawa." Debra akainua uso. "Haukushika vizuri tangu kiwandani. Ni suala la muda tu. Huyo aliyekuuzia si lazima alijua, maana dukani huwezi kuona. Akibisha, mwambie anipigie simu, tutaelewana kwa lugha yetu."

Wakati huo, huko Westlands na Muthangari, mambo yalikuwa yanachemka kivyake. Kinyanjui alikuwa amechukua wanafunzi wa Nanyama, na ualimu haukuwa kipaji chake. Alikuwa anafundisha kwa kuita majina ya viungo vya gari kwa sauti ya mnada. "Klachi! Klachi! Ai, hiyo ni breki, mama, unataka tufe?" Wanafunzi wawili walihama. Mmoja alishuka kwenye mataa akaenda zake kwa miguu. Vaishali, aliyezoea mwalimu anayemwambia "pole pole, barabara haina mwenyewe," alirudi nyumbani siku ya tatu, na mezani, mbele ya familia yote, akamwambia baba mkwe wake jambo ambalo katika kawaida ya nyumba ile mkaza mwana hasemi.

"Baba, ile miwani ya mwalimu wangu imeharibika, na wewe ndiye ulimuuzia. Yeye amekataa kutupeleka barabarani na macho mabovu. Na huyu mwingine ananiua. Tafadhali mrudishie mwalimu wangu macho yake."

Mama mkwe akaweka kijiko chini, akamtazama mumewe, asiseme kitu. Mzee Pranlal alikuwa amekaa kwenye ndoa miaka mingi vya kutosha kujua kwamba kimya kile kilikuwa hukumu.

Kwa hiyo Nanyama alipoingia dukani Jumatatu jioni, akiwa amejipanga maneno tangu Kangemi, alikuta mzee amesimama mlangoni mikono wazi.

"Mwalimu! Karibu, karibu. Nimesikia yote. Leta hiyo miwani. Nakuwekea lenzi mpya, bure kabisa. Zawadi yangu. Wewe si mteja tu, wewe ni mwalimu wa Vaishali."

Nanyama akasimama. Mkono ulikuwa tayari umetoa miwani kwenye mkoba, na kilichobaki ni kuinyoosha tu. Angekuwa na macho yake kabla ya wiki kuisha. Angerudi barabarani. Shem angecheka, Kinyanjui angeimba.

Lakini lile neno "zawadi" halikumkalia vizuri.

"Asante sana, mzee. Una roho nzuri, na Mungu akubariki," akasema. "Lakini sikuja kuomba zawadi."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka unibadilishie kwa sababu lenzi ilikuwa mbovu. Si kwa sababu ya Vaishali."

Mzee Pranlal alimtazama kama mtu aliyepewa chenji ya pesa za nchi nyingine. "Si ni kitu kimoja? Lenzi ni ile ile."

"Lenzi ni ile ile, lakini si kitu kimoja. Kesho akija mama mwingine wa Kangemi, lenzi yake imebambuka kama yangu, na yeye hafundishi mtu yeyote wa nyumbani kwako, utamwambia nini? Utamtolea kadi kwenye droo."

Tabasamu la mzee likapungua. "Mama, nikisema ni haki yako, kesho watu wote watajaa hapa."

"Wenye lenzi zilizobambuka tu, mzee. Wenye lenzi nzuri watakuja kufanya nini?"

Akamweleza aliyosema Debra, neno kwa neno, akimtaja kwa jina. Akamweleza na yale ya Kui, kwa kifupi, bila kutaja mahakama. Mzee alisikiliza, kisha akaichukua miwani akaiweka chini ya taa ile ile ya mezani, akaifuta, akainyoosha mbele ya macho ya Nanyama. Sasa alikuwa ameumia kidogo, na kiburi cha fundi kimeamka.

"Angalia mwenyewe. Pembeni kidogo tu. Katikati safi. Hii si mbovu, hii imezeeka. Mimi nauza miwani tangu baba yangu akiwa hai. Mbovu naijua."

Ni kweli: chini ya ile taa nyeupe ya duka, kasoro ilionekana ndogo, kama ukungu wa pembeni ya dirisha. Nanyama akatazama nje. Kinyanjui mwenyewe ndiye aliyemleta, kwa jinsi alivyokuwa na hamu ya kuacha ualimu, na gari la shule lilikuwa limeegeshwa ng'ambo, pua ikielekea Kangemi, jua la jioni likiwa limeshuka mpaka usawa wa kioo cha mbele.

"Mzee, mimi siuliwi na taa ya dukani," akasema Nanyama. "Nikuombe kitu kimoja. Njoo ukae mahali ninapokaa mimi."

Mzee akasita. Wateja wawili walikuwa wanaangalia. Vaishali, aliyekuwa kaunta akijifanya anapanga fremu, alikuwa ameshika fremu moja tangu mazungumzo yaanze. Mwishowe Pranlal akavuta koti lake, akavuka barabara na Nanyama, akaingia kwenye kiti cha mwalimu. Kinyanjui, nyuma ya usukani, akamsalimia kwa sauti iliyomfanya mzee aruke.

"Haya. Shika miwani mbele ya uso, kama vile ndiyo umeivaa, utazame barabara," akasema Nanyama akiwa ameinama dirishani.

Mzee Pranlal akafanya hivyo. Jua la saa kumi na moja likaja moja kwa moja kwenye zile lenzi. Pale pembeni palipobambuka mwanga ukavunjika, ukatapakaa ndani kama maziwa yaliyomwagika mezani. Matatu, watu waliokuwa wanavuka, kibao cha kusimama, vyote vikayeyuka. Mzee akaishusha miwani, akatazama, akaiinua tena. Akamwambia Kinyanjui asogeze gari mbele kidogo. Akatazama tena. Uso wake haukuwa tena wa mtu aliyeumia. Ulikuwa wa fundi aliye kazini.

"Na wewe umefundisha na hii?" akauliza.

"Mpaka nilipomwona kondoo."

"Vaishali alikuwa anaendesha?"

"Alikuwa anaendesha."

Mzee akatoka garini polepole. Akasimama pembeni ya barabara, mvi zake zimevurugwa na upepo wa magari, akaitazama miwani ile kiganjani. "Nilikuambia ni ya kazi hiyo," akasema. "Wewe uliniambia kazi, na mimi nikasema hii ndiyo inafaa. Haifai." Akainua uso. "Sawa, mwalimu. Si zawadi. Ni mbovu, na mimi ndiye nilikuuzia. Nabadilisha kwa sababu hiyo."

Nanyama hakujua kama acheke au alie, kwa hiyo alimpa mkono. Kinyanjui akapiga honi kwa furaha, na dereva wa teksi aliyekuwa mbele akadhani anafukuzwa, akaondoka bila abiria wake.

Waliporudi dukani mzee hakukaa. Alimpigia Debra, wakazungumza mambo ya utando na gundi na joto la tanuri kwa muda, kwa lugha ambayo Nanyama aliambulia neno "lenzi" tu. Kisha akampigia aliyekuwa akimletea mzigo, kule Industrial Area. Huyo bwana naye, inaonekana, alianza kwa kusema garantii imekwisha.

"Rafiki yangu," mzee akamkatiza, na Nanyama akasikia maneno ya Kui yakipita kwenye mdomo mwingine, yamevaa nguo nyingine, "garantii ni ahadi yako wewe. Mimi naongea juu ya lenzi. Nilikuambia nataka za madereva, ukaniletea hizi. Njoo kesho nikukalishe kwenye gari moja, kuna kiti nataka ujaribu."

Lenzi mpya zilifika Ijumaa. Nanyama alizivaa pale pale, akatoka nje akasimama kwenye jua la jioni, akatazama upande wa Kangemi bila kukunja uso. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Akavuka barabara, akafungua mlango wa gari la shule, akamwambia Kinyanjui ahamie kiti cha nyuma. Vaishali akachukua usukani. Walizunguka Westlands yote kwenye msongamano wa Ijumaa, na hakuna aliyeita klachi kwa jina.

Lakini mzee Pranlal alikuwa bado na jambo moja. Lenzi za mzigo ule alikuwa amewauzia watu wengine, na wote simu zao alikuwa nazo. Aliamua kuwaita. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwamini. Nairobi ya siku zile kila mwenye simu alishapigiwa na mtu wa kumwambia ameshinda gari, na sasa anapigiwa na mwenye duka kuambiwa aje apewe lenzi mpya asilipe chochote? Wa kwanza alimkatia. Wa pili alimwambia aache ukora, amtafute Yesu. Wa tatu alimtishia polisi.

"Mwalimu," mzee akamsihi Jumatatu, akimvutia kiti na kikombe cha chai ya tangawizi, "wewe una sauti ya kuaminika. Nisaidie."

Nanyama akakaa kaunta, akavuta simu karibu, akaanza. Alijitambulisha kwa jina, akasema anatoka Kangemi, akasema yeye pia ni mteja kama wao na lenzi zake zilibambuka hivyo hivyo. Akawaambia waitazame miwani yao juani, siyo chini ya taa. Akasikia miguu ikienda dirishani, kisha: "Ai! Kweli!" Musembi wa Kangemi, mwendesha lori, akasema alidhani ni macho yake yanakwisha na alishaanza kumwambia mkewe amzoee akiwa kipofu. Mama mmoja wa Muthangari akasema anakuja sasa hivi na asimpe mtu yeyote nafasi yake.

Mzee mmoja kati yao, Macharia, sauti yake ikikwaruza kama redio ya zamani, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakohoa.

"Mama, mimi hiyo miwani sina tena. Nilimpa shemeji yangu, yule wa Wangige. Na yeye anasema tangu aivae haoni vizuri, na mimi nimekuwa nikimwambia ni uzee. Sasa nifanye nini?"

Nanyama akafunika simu kwa kiganja, akamweleza mzee Pranlal. Mzee akashika kichwa, akatazama dari, akamtazama Vaishali aliyekuwa ameziba mdomo kwa upindo wa sari yake, mabega yakitikisika.

"Mwambie aje na shemeji," akasema mzee, akicheka mwenyewe sasa, kicheko kilichoanzia tumboni. "Na wakija, yeye amwombe msamaha huyo shemeji hapa mbele yetu."